Waya wa Thady Kwenye Nguzo za Simu

Shangazi yangu Breege Tarpey akiweka mkonga wa simu sikioni hapumui. Ukimsemesha wakati ule anakunyooshea kidole kimoja tu, na wewe unafunga mdomo hata kama nyumba inaungua. Nimeishi naye tangu nina miaka kumi na tatu, pale baba yangu, ambaye ni kaka yake, alipokwenda Uingereza kujenga barabara akasahau barabara ya kurudi. Kwa hiyo nikisema namjua, namjua.

Kazi ya simu aliianza ana miaka kumi na saba. Enzi hizo hapa kwetu Cloonagarve simu haikujiunganisha yenyewe. Unanyanyua mkonga nyumbani kwako, unazungusha mkono wa pembeni, na kule chumba cha nyuma cha posta kuna ubao umejaa matundu, na mbele ya ubao kakaa Breege na kamba zake. Nipe daktari, anachomeka. Nipe fundi wa trekta, anachomeka. Nyumba arobaini na moja zilipita mikononi mwake miaka ishirini na tatu. Alijua laini ya nani inakwaruza mvua ikinyesha, nguzo gani imelala, waya gani kunguru wamekaa. Na siku ya kwanza kazini alikula kiapo: ukisikia kitu kwenye laini, kinafia kwenye laini.

Halafu wakaja mabwana na kabati la chuma, wakalisimamisha nyuma ya kanisa, simu zikaanza kujiunganisha. Breege wakampiga picha, wakampa bakuli la kioo, asante mama, nenda nyumbani. Miaka kumi na moja akawa anafagia shule na kumpikia padri.

Maneno hayakuisha lakini. Kulikuwa na watu wanasema, huyu alikuwa anatusikiliza bwana, anajua siri za parokia nzima. Mimi watu wa namna hiyo sikuwa nazungumza nao kwa mdomo. Attracta Ginty aliropoka darasani kwamba shangazi yangu ni sikio la ukutani, nikamtoa jino la mbele, na ile ndiyo ikawa siku yangu ya mwisho shuleni. Sikujuta. Breege akiulizwa alikuwa anajibu neno moja, kwa sauti ya chini: "Sikusikiliza." Ikatosha kwangu.

Aliyeshikilia hilo kuliko wote ni Thady Munnelly, jirani yetu wa chini, mwenye shamba linalopakana na njia yetu. Mwaka sabini na nane Thady alipiga simu Boston kwa mwanamke aliyetaka kumuoa. Mwanamke akakataa. Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi parokia nzima ilikuwa inajua, mpaka watoto wanamwimbia barabarani. Thady akasema ni Breege, nani mwingine? Toka siku ile hakumsalimia. Miaka kumi na tisa, njia moja, kanisa moja, hata "mvua leo" hakuna.

Sasa basi. Mwaka huu tisini na saba, kampuni moja ya Dublin ikatafuta watu wa kupiga chapa barua za madaktari wakiwa majumbani kwao. Kaseti za sauti zao zinakuja na basi, unapiga chapa, kisha mzigo wote wa wiki unaupeleka Dublin kwa modemu, kupitia simu hiyo hiyo ya nyumbani. Breege akaomba. Nikamwambia, shangazi, una miaka hamsini na mbili, kompyuta utaiweza? Akaniangalia. "Majella, mimi nimeshika laini arobaini na moja kwa mikono miwili. Hii ni moja."

Wakamletea kompyuta na kiboksi cheusi chenye taa nyekundu mbele. Hicho ndicho modemu, ya kasi, wanasema, ishirini na nane elfu na ushee kwa sekunde. Kinapiga simu, kinapiga mluzi, upande wa pili unajibu mluzi, wanavutana kwa makelele kama paka wawili juu ya bati, wakielewana wananyamaza na kazi inaanza. Mimi makelele yale yalinikera meno. Breege aliinamisha kichwa akisikiliza kama mtu anayechagua tikiti maji. Kabla kioo cha kompyuta hakijaandika chochote anasema, "Hii imeshika ishirini na nane." Kweli. Au anasema, "Imeshuka kumi na nne. Kuna kitu kinaiuma." Kweli tena.

Na ilikuwa inaumwa kila mara. Inaanza vizuri ishirini na nane, dakika tatu inaanguka kumi na nne, inaanguka tisa, inaanguka nne, halafu taa zinazimika, kwisha.

Masharti ya Dublin yalikuwa hivi: Ijumaa, kati ya saa tano na saa sita mchana, mzigo wote ufike. Ukikatika unaanza mwanzo. Una Ijumaa tatu za majaribio. Ya kwanza Breege alishindwa. Ya pili ikakatika kwenye asilimia sitini na moja. Msimamizi wao, msichana anaitwa Orlagh, akapiga simu. "Breege mpenzi, uchapaji wako hauna doa, madaktari wanakupenda. Ila laini yako ni mbovu. Ijumaa ijayo ikikataa, nampa mwingine. Mkono wangu umefungwa."

Na akikosa ile kazi, Breege anaondoka. Hilo nyote mlijue. Dada yake Nora kule Coventry, Uingereza, alikuwa ameshamtandikia kitanda katika chumba cha kupigia pasi. Kwa padri hakukuwa na kazi tena, padri mpya anajipikia mwenyewe. Breege, ambaye hajawahi kulala nje ya mkoa, akaishie juu ya duka la viatu Coventry! Nilikuwa nikifikiria hilo mikono inaniwasha.

Fundi wa simu alikuja mara mbili. Anaitwa Cathal Lavelle, kijana mpole, sina ugomvi naye, ingawa siku hizo nilikuwa nao. Kila akija anapima, anasema laini safi. Ijumaa ya mwisho alikuja tena, saa tatu na dakika ishirini. Mimi sikuwepo, nilikuwa nimetumwa dukani na baiskeli. Niliporudi, saa nne hivi, nikapishana na gari lake njia panda, anaondoka. Nikamsimamisha katikati ya barabara.

"Umepata nini?"

"Hamna kitu, Majella. Laini imetulia kama maji ya kisimani."

"Wewe unapima kwa mashine au kwa ulimi?"

"Dada, nimepima kutoka kabatini mpaka kwenye ukuta wenu. Kama kuna kelele, inanikimbia."

"Basi nenda. Nenda kanywe chai."

Akaondoka kichwa chini. Na mimi nilivyopanda njia yetu nikamwona Thady anatoka bandani kwake, anafunga mlango taratibu, anaangalia barabarani lile gari linavyopotea. Nikakumbuka. Wakati nateremka asubuhi, gari la simu lilipotokea njia panda, nilimwona mzee huyu huyu anakimbia kuelekea bandani, kamba za suruali zinaburura, kama mtu aliyeacha maziwa motoni. Nilicheka tu nikapita.

Nyumbani nikamkuta Breege amesimama na mkonga sikioni. Kidole juu. Nikanyamaza na maziwa yangu mkononi.

"Njoo usikilize," akasema.

Nikaweka sikio. Kimya. Halafu: tik. Kimya. Tik. Kama mtu anayegonga meza kwa ukucha, kila baada ya sekunde moja na kidogo.

"Cathal alipokuwa hapa haikuwepo," Breege akasema. "Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Ameondoka, nimehesabu mpaka mia mbili na kumi, imeanza. Mara ya pili alipokuja ilikuwa hivyo hivyo. Hii haitoki kabatini, Majella. Kitu kinachomwogopa fundi, hicho kina macho."

Nikaweka maziwa chini. "Kina macho na kamba za suruali," nikasema.

Sikungoja. Nikatoka mvuani mpaka kwenye njia, nikaanza kuzifuata nguzo za simu, moja baada ya moja, kushuka. Nguzo ya nne nikaona. Waya wa umeme wa kuzuia ng'ombe, umefungwa kwenye nguzo ya simu kimo cha kiuno, na chini ya waya kipande cha mpira wa maji wa kijani ili umeme usishuke kwenye mti. Nguzo ya tano, kipande kingine. Ya sita, ya saba. Nguzo tisa zote! Shamba la Thady ni mwamba mtupu, kuchimba kigingi kimoja ni kazi ya siku, sasa mzee kaona nguzo zimesimama bure, kampuni imeshachimba, kwa nini atoe jasho? Waya wake unakimbia chini ya waya wetu njia nzima, na kila umeme unapopiga, tik, simu yetu inashtuka nao. Na kwa kuwa anajua kufunga waya kwenye nguzo za watu ni kosa, gari la fundi likitokea anakimbia kuzima.

Nikarudi ndani kuchukua plaizi. Breege akasimama mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kukata."

"Kuna maksai tisa mle ndani. Ukikata watakuwa barabarani, lori la maziwa linapita saa tano na nusu. Unataka kumuua mtu kwa ajili ya barua za madaktari?"

"Nataka kumuua Thady, hao wengine bahati mbaya."

"Lete hiyo plaizi."

"Shangazi, saa tano kasoro robo!"

"Najua saa. Lete." Akaichukua, akaiweka mfukoni mwa aproni, akavaa koti. "Twende tukamwombe."

Sijawahi kuona mtu anatembea vile. Kama anapeleka jeneza. Miaka kumi na tisa hajakanyaga uwanja ule. Thady alikuwa mlangoni pa banda, mzee mrefu, kofia inachuruzika maji, mbwa miguuni. Alipomwona Breege akashika mlango kwa mkono mmoja.

Nikaanza mimi. "We mzee! Umefunga waya kwenye nguzo za simu, unatuua!"

"Huyu binti wa nani asiye na salamu?" akasema, akimwangalia mbwa.

"Wa hapo juu, unanijua, usijifanye mgeni! Nitakwenda kwa fundi sasa hivi, utaona faini yake!"

"Nenda. Fundi yuko mbali tayari. Na baiskeli yako haina breki."

"Majella," Breege akasema, "nyamaza." Akasogea hatua mbili. "Thady. Nahitaji saa moja. Saa tano mpaka saa sita. Uzime waya saa moja tu. Nikikosa leo, nakwenda Coventry, sirudi."

Thady akatazama mlima. Mvua ikawa inapiga bati.

"Umekuja kuomba laini," akasema mwisho. "Wewe. Unakuja kwangu kuomba laini itulie."

"Ndiyo."

"Mimi pia niliomba laini siku moja. Nilikuambia, Breege, nipe Boston. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Ulisikiliza?"

"Hakusikiliza!" nikapiga kelele. "Miaka yote hiyo mnamtukana, hakusikiliza! Kwa hilo nimeacha shule mimi!"

Thady hakunitazama hata. "Nimekuuliza wewe, Breege Tarpey. Sitaki kitu kingine. Sema kweli mbele ya huyu mtoto wa kaka yako, nizime waya. Au sema hukusikiliza, kama ulivyosema kwa kila mtu, nenda zako."

Nilimgeukia shangazi yangu, nikangoja lile neno lake moja. Mkono mmoja ulikuwa mfukoni mwa aproni, umeshika plaizi.

"Nilisikiliza," akasema.

Mimi nikaona giza. Haki ya Mungu. Kama mtu amenipiga kofi la kisogoni.

"Dakika kumi na moja," Breege akaendelea. "Laini ya baharini ilikuwa mbaya siku ile, nilishika kamba kwa mkono isikatike. Nikiachia tu, mngepoteana. Mwanzo nilisikiliza kwa sababu hiyo. Baadaye nilisikiliza kwa sababu nilitaka kujua atajibu nini. Sikumwambia mtu, Thady. Hiyo iamini au usiiamini. Lakini nilisikiliza, na nimekuwa nadanganya tangu siku ile."

Thady alivua kofia, akaikung'uta maji, akaivaa tena. Akaingia bandani. Tukasikia swichi.

Akatoka na fimbo mbili. "Kimbia," akamwambia Breege. "Saa tano imepita. Hawa wanyama wanajua waya ukilala. Wataanza kuujaribu nusu saa haijaisha." Fimbo moja akanirushia mimi. "Na wewe mwenye mdomo, kasimame nguzo ya juu."

Breege alinitazama. Nikaangalia pembeni. Niliwahi kufikiri ningeweza kufa kwa ajili ya mtu yule, na sasa nilitaka kumtupia fimbo. Attracta Ginty wa watu anapiga mluzi mpaka leo akisema S, kwa kosa lipi? La kusema kweli!

"Unakwenda au hauendi?" Thady akaniuliza.

Nikaenda. Si kwa ajili ya shangazi, nilijiambia moyoni. Lakini nikaenda.

Shangazi yangu, kama alivyonieleza baadaye, alipiga Dublin saa tano na dakika kumi na mbili. Ikashika ishirini na nane. Kwa kasi hiyo mzigo ungechukua dakika thelathini na tisa au arobaini, isipotikisika. Fanya hesabu mwenyewe uone alibakiwa na nini.

Sisi shambani hatukuwa tunaona kioo. Tulikuwa tunaona ng'ombe. Mimi nguzo ya juu, Thady nguzo ya chini karibu na banda, kati yetu hatua mia tatu za waya uliokufa. Maksai tisa, weupe kama maziwa, wakubwa kama makabati, wanakula katikati. Upande wa pili wa waya ni ukingo wa barabara, majani mabichi mpaka magotini, hakuna aliyeyagusa mwaka mzima. Hata mimi ningeyatamani.

Dakika ishirini hawakufanya kitu. Lori la maziwa likapita. Thady akapaza sauti kutoka kule chini:

"We binti! Ulimtoa mtu jino?"

"Nikutoe na wewe?"

"Mimi yamebaki manne. Chagua zuri."

Sikucheka. Karibu.

Halafu mmoja, mwenye madoa mekundu puani, akanyanyua kichwa. Akausogelea waya. Akanyoosha pua, akarudisha. Akanyoosha tena, akaugusa kwa ndevu. Akasimama pale anatafakari kama mzee wa baraza. Nikamkimbilia na fimbo, nikampiga ya pua, akaruka nyuma. Lakini wenzake walikuwa wameona. Ng'ombe si wajinga, wajinga ni wanaosema ng'ombe ni wajinga. Wakajipanga wote tisa, taratibu, wanakuja kwenye waya.

"Wanakuja!" nikapiga kelele.

"Nawaona! Usiwapige wote, mpige yule wa pua nyekundu!"

Nikawa nakimbia juu, nakimbia chini, mvua machoni, viatu vimejaa tope. Nikimfukuza huyu, yule anaweka kifua. Vipande vya mpira vikaanza kuteleza kwenye nguzo. Thady alikuwa anapiga makelele ya zamani yale ya kuswagia ng'ombe, mbwa anabweka, na saa sina. Kila sekunde ilikuwa inakwenda nyumbani kwetu kupitia juu ya kichwa changu, ndani ya ule waya mwembamba mweusi, na mimi nimeutazama kama mjinga, kana kwamba ningeweza kuona barua zinapita.

Hapo waya ukakatika. Nguzo ya sita. Uliruka ukanipita sikioni kama nyoka. Yule mwekundu akaingiza kichwa, akaingiza mabega, yuko barabarani. Wa pili nyuma yake.

"Washa!" ilinitoka. Sijui kwa nini. Hasira, woga, sijui. "Thady, washa umeme! Wanaondoka wote!"

Kipande cha waya kilichobaki upande wake kilikuwa kirefu, umeme ungewarudisha wale saba. Banda lilikuwa hatua thelathini kutoka alipo. Nilimwona anageuka kulitazama. Nilimwona anawatazama wale wawili, kazi yake ya miaka miwili, wanatembea katikati ya barabara kuelekea njia panda ambako magari yanakuja bila kupunguza. Mguu wake mmoja ulisogea kuelekea bandani. Na mimi nikajuta nilichosema, nikaziba mdomo kwa mkono, kama neno linaweza kurudi.

Thady akautupa mguu upande mwingine. Akaingia kwenye lile pengo, akapanua mikono, mzee wa miaka sitini na nne, akasimama mbele ya maksai saba.

"Njoo hapa!" akaniita. "Weka mwili!"

Nikaenda nikaweka mwili. Tulisimama bega kwa bega, kila mmoja na fimbo yake. Mmoja alinikanyaga kidole, nilisema maneno ambayo padri mpya hajawahi kuyasikia. Thady alipigwa kifuani akaanguka akakaa, akaamka. Hatukupiga tena, tulisukuma tu. Pumzi zao usoni kwetu, moto, harufu ya majani.

Kengele ya kanisa ikalia saa sita, saa ya sala. Thady akavua kofia kama wanavyovua wote, hata pale, ng'ombe yuko kifuani kwake, akasali midomo inacheza. Alipomaliza akasema, "Basi. Kama imefika imefika." Akaenda kuunga waya na kuwasha.

Mimi nilipanda njia nikichechemea. Breege alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, mikono mapajani. Modemu taa zimezima. Sikumuuliza. Nilikuwa bado sitaki kusikia sauti yake.

"Saa tano na dakika hamsini na tano," akasema. "Kuna mahali ilianguka mpaka kumi na nne, nikafikiri ndiyo mwisho. Ikapanda tena. Orlagh amepiga. Naanza Jumatatu."

"Hongera," nikasema, kama mtu anayetema kokwa.

"Majella."

"Usiniambie kitu."

Akaleta beseni la maji ya moto, akanivua kiatu, akanishika mguu kwa mikono ile ya kamba arobaini na moja. Sikuutoa mguu. Hicho ndicho nilichoweza siku ile.

Wale maksai wawili walikutwa kwenye bustani ya padri, wamemaliza kabichi.

Kuzima tena Ijumaa nyingine kusingewezekana, kila mtu alijua. Kwa hiyo Jumamosi na Jumapili baada ya misa tulikuwa kule chini, mimi na Thady, na mtalimbo na nyundo, tunatoboa mwamba kupanda vigingi vyake mwenyewe, upande wa mbali wa shamba, mbali na nguzo za simu. Nani aliniomba? Hakuna. Nilikwenda kwa sababu nyumbani kulikuwa na mtu nisiyejua nimwambie nini. Tuligombana kila kigingi. Hiki kimepinda. Wewe ndiye umepinda. Shika vizuri. Piga vizuri.

Kigingi cha kumi na saba akashusha nyundo. Akapangusa uso.

"Alicheka?"

"Nani?"

"Shangazi yako. Siku ile, anavyosikiliza." Alikuwa hanitazami, anatazama ule mtalimbo. "Nililia kwenye simu. Mtu mzima. Nimekaa miaka yote nikifikiri kuna mtu pale katikati alicheka."

Nilikuwa na jibu kali mdomoni, ninalo kila wakati. Nikalaza mtalimbo chini.

"Sijui, mzee Thady. Nenda kamuulize."

Kisha akaniachia nyundo mkononi, akaanza kupanda njia kuelekea kwetu, polepole, anajipangusa tope kwenye suruali. Nilimwangalia mpaka akagonga mlango. Ukafunguliwa. Walisimama pale pale mlangoni, mvua inawanyeshea wote wawili, na nilimwona Breege anatikisa kichwa, hapana, hapana, hapana.